Nataka kuwa mchumi wa fedha za umma: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, nina shahada ya kwanza ya uchumi. Mwaka huu nilishiriki kuhakiki kaya za walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaozipa kaya maskini ruzuku, na tangu hapo sina amani: kwa nini huyu ameingia na yule ameachwa, na hizo fedha zinafanya nini hasa? Nataka kusoma hadi uzamivu niwe mtafiti wa fedha za umma na mipango ya kusaidia maskini. Kaka yangu ananicheka. Anasema hakuna cha kutafiti, fedha zote zinaishia kilabuni. Kazi yenyewe ikoje, na mtu anaanzia wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na kaka yako, maana kaka wa namna hiyo hakosekani kwenye ukoo wowote, na bahati nzuri swali lake lina jibu tayari. Wachumi wawili, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilizopima kama fedha taslimu wanazopewa maskini huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Kwa jumla haziongezi, na kuna tafiti zilizoona yamepungua. Hapa nyumbani nako, kabla TASAF haijasambaza ruzuku nchi nzima, ilifanya majaribio kuanzia mwaka 2010 katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Viliteuliwa vijiji 80. 40 vikachaguliwa kwa bahati nasibu vianze kupata fedha, 40 vikabaki vya kulinganishia. Wadadisi waliporudi baadaye walikuta kaya za vijiji vilivyopata zina mifugo midogo zaidi, zimejiunga zaidi na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na watoto wao wengi zaidi wana viatu.

Viatu, mwanangu. Mtu alikaa kwenye mkeka, akauliza mtoto huyu ana viatu au hana, akatia alama kwenye dodoso, akaenda nyumba ya pili. Ukitaka kazi hii kwa ufupi ndiyo hiyo. Kaka yako ana maoni. Wenzake walihesabu viatu.

Fedha za umma kama taaluma ina milango miwili. Kwenye mlango mmoja pesa inaingia serikalini: kodi, ushuru, tozo. Kwenye mwingine inatoka: pensheni, bima, ruzuku, chakula cha shule, ajira za muda. Wanafunzi wangu wengi hukimbilia mlango wa pili kwa sababu una nyuso za watu, na wewe nakuona umeshasimama hapo. Sikulaumu, ila usiupe mgongo ule wa kwanza. Nitaurudia.

Sasa hilo linalokunyima amani. Kila msaada wa serikali una mstari: wa umri, wa kipato, wa wilaya, au wa alama. Umehakiki mwenyewe, unajua unavyochorwa kwa TASAF. Kwanza huangaliwa maeneo, halafu mkutano wa kijiji hutaja kaya maskini, kisha dodoso hukusanya watu wangapi wanalala humo, paa la nini, sakafu ya nini, na fomula inatoa alama. Aliye upande huu wa alama anapokea, jirani yake aliyezidi kidogo anarudi nyumbani. Kwa mwanakijiji huo ni uonevu, na mara nyingi ana haki ya kusema hivyo. Caitlin Brown, Martin Ravallion na Dominique van de Walle walizijaribu fomula za aina hii kwa takwimu za nchi tisa za Afrika, wakakuta zinaacha nje maskini wengi waliostahili kuingia. Lakini kwa mchumi mstari huohuo ni dhahabu, nasema kwa aibu kidogo. Watu wawili wanaopakana na mstari, mmoja huku na mwingine kule, wanafanana karibu kwa kila kitu. Mmoja amepata, mwingine hakupata. Ukiwatembelea baada ya miaka miwili, tofauti utakayoikuta kati yao imesababishwa na msaada. Bila yule aliyekosa, huna utafiti. Una hadithi tu.

Ndiyo maana nasema swali lako la kwanza, la nani ameachwa, na la pili, la fedha zinafanya nini, ni swali moja. Taaluma yetu yote imejengwa juu ya migongo ya walioachwa.

Ngoja nikupitishe kwenye maisha ya mchumi mmoja, maana njia hii huelezeka vizuri zaidi ukimfuata mtu aliyeipita. Amy Finkelstein anafundisha uchumi katika chuo kikuu cha MIT, Marekani. Shahada yake ya kwanza, Harvard, mwaka 1995, haikuwa ya uchumi; ilikuwa ya mambo ya siasa na serikali. Alikwenda Oxford akasoma uchumi, akamaliza uzamivu MIT mwaka 2001 chini ya James Poterba na Jonathan Gruber, wote wawili wakongwe wa fedha za umma. Mwaka 2012 akapewa medali ya John Bates Clark, wanayopewa wachumi wa Marekani walio chini ya miaka 40. Ukisoma hivyo unaona ngazi imenyooka. Mimi nataka uangalie kitu kingine: kwa miaka yote hiyo alikaa zaidi juu ya jambo moja, bima, hasa ya afya, na serikali inavyoigharamia.

Alianza na yaliyopita. Mwaka 1965 Marekani iliunda Medicare, bima ya serikali kwa wazee waliofikisha miaka 65. Huo tayari ni mstari. Pia kulikuwa na sehemu za nchi ambako wazee wengi walikuwa na bima binafsi kabla yake na sehemu ambako hawakuwa nayo, kwa hiyo bima mpya iliingia kwa kishindo huku na kwa upole kule. Finkelstein akailinganisha nchi na nchi yenyewe. Na akiwa na Robin McKnight wakaona jambo lililowakera wengi: katika miaka yake kumi ya mwanzo Medicare haikuonekana kupunguza vifo vya wazee. Hata hivyo iliwaondolea mzigo mkubwa wale waliokuwa wakitoa mfukoni bili kubwa kupita wote. Bima, kumbe, ilifanya kazi ya bima. Iliwaokoa watu na kufilisika, jambo ambalo wanasiasa huwa hawalitaji kwenye majukwaa kwa sababu neno "uhai" linapigiwa makofi zaidi.

Halafu ikaja bahati. Mwaka 2008 jimbo la Oregon lilikuwa na fedha za kuongeza watu kama 10,000 tu kwenye bima yake ya watu wazima wa kipato cha chini. Walijiandikisha watu wapatao 90,000. Jimbo likaona njia ya haki ni kuchezesha bahati nasibu ya majina. Hapakuwa na mchumi aliyewashauri. Waliamua wenyewe kwa sababu fedha hazitoshi. Finkelstein na mwenzake Katherine Baicker walipoona hilo wakalikimbilia. Kwa mara ya kwanza Marekani ilikuwa na watu waliopata bima hiyo na waliokosa, wakitenganishwa na kura na si na kitu kingine chochote.

Matokeo yalichukua miaka kutoka, na kila yalipotoka yalimpiga mtu. Waliopata bima walitumia hospitali zaidi, walipungukiwa na madeni, na walijisikia wana afya nzuri zaidi. Mwaka 2013, baada ya watafiti kupima watu damu na shinikizo, ikaonekana kwamba kwa muda wa miaka miwili hapakuwa na mabadiliko ya kuaminika kwenye shinikizo la damu, lehemu wala sukari. Ila kiwango cha sonona kilishuka kwa karibu theluthi moja, na gharama za matibabu za kufilisi mtu zikakaribia kwisha kabisa. Waliopinga bima wakachukua nusu ya kwanza ya sentensi, waliotetea wakachukua ya pili. Mwaka uliofuata likatoka jingine. Watetezi walikuwa wameahidi kwamba mtu mwenye bima ataenda kwa daktari wake mapema, kwa hiyo vyumba vya dharura vitapumua. Safari za dharura zikapanda kwa asilimia 40.

Nakusimulia hili kwa kirefu kwa sababu ndilo litakalokupata. Utaanza utafiti ukiwa na upande. Usiniambie huna, mtu asiye na upande hakosi amani kwa ajili ya kaya za watu. Kisha takwimu zitakuja na jibu ambalo si lako, na utakuwa na wiki moja ya kuchagua: unaliandika kama lilivyo, au unaanza kutafuta kijisafu cha jedwali kinachokupendeza? Nimewaona vijana wenye akili kuliko mimi wakipotelea kwenye wiki hiyo.

Mimi mwenyewe nilipotea kwa njia nyingine. Nikiwa bado kijana niliajiriwa kutathmini mpango mmoja wa chakula shuleni, ambao sitautaja. Mahudhurio yalikuwa chini mwaka wa kwanza, mpango ukaanza, mwaka wa pili yakapanda. Nikaandika ripoti nzuri yenye jedwali la rangi. Mzee mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, akaniuliza kwenye kikao, kwa upole kabisa: "Mwalimu, ule mwaka wa kwanza si ndio ulikuwa wa njaa?" Mvua ilikuwa imekataa. Watoto walikuwa wanatafuta mizizi. Mwaka wa pili mvua ilinyesha, wangerudi darasani hata bila uji wangu. Sikuwa na shule hata moja ya kulinganisha. Nilinyamaza, na kile kikao bado nakiota.

Kosa hilohilo huwapata hata wakubwa. Pale Camden, New Jersey, kulikuwa na mpango uliosifiwa sana: wanawatafuta wagonjwa wachache wanaolazwa mara kwa mara na kula sehemu kubwa ya fedha za hospitali, wanawapa muuguzi na mtu wa ustawi wa jamii wa kuwafuata nyumbani. Kulazwa kwao kulikuwa kunashuka, kila mtu akapiga vigelegele. Sifa kwa wenye mpango, walikubali upimwe sawasawa. Finkelstein na wenzake wakagawa wagonjwa 800 kwa kura, nusu wakapata huduma hiyo na nusu wakabaki na huduma ya kawaida. Mwaka 2020 majibu yakatoka: ndani ya siku 180, waliorudi kulazwa miongoni mwa waliohudumiwa walikuwa asilimia 62.3, na miongoni mwa wengine asilimia 61.7. Kulazwa kulishuka kweli, lakini kulishuka pande zote mbili. Ukimchukua mtu akiwa kwenye hali mbaya kuliko zote, uwezekano mkubwa ni kwamba baadaye hali itakuwa na nafuu, umemsaidia au hukumsaidia. Kama wangewaangalia waliohudumiwa peke yao, wangetangaza ushindi mkubwa.

Halafu kuna mstari ambao haumo kwenye sheria wala kwenye fomula. Nao ni foleni, fomu, nauli, na aibu. Kule Oregon, kati ya walioshinda kura, ni karibu asilimia 30 tu waliofika mwisho wakapata bima. Wengine hawakurudisha fomu kwa wakati au kipato chao kilikuwa kimezidi. Finkelstein na Matthew Notowidigdo walilifuata jambo hili huko Pennsylvania, kwa wazee kama 30,000 waliokuwa wanaelekea kustahili msaada wa chakula lakini hawauchukui. Kundi moja halikupelekewa kitu, na asilimia 6 hivi wakajiandikisha wenyewe. Kundi la pili walitumiwa barua kuwaambia mnastahili, wakafika asilimia 11. La tatu walipewa taarifa pamoja na mtu wa kuwasaidia kujaza fomu kwa simu, wakafika asilimia 18. Mpaka hapo ni habari njema. Lakini waliovutwa na barua na msaada huo walikuwa na nafuu ya maisha kuliko wale ambao wangejiandikisha hata bila kuambiwa. Ukipunguza usumbufu, wa kwanza kupita si lazima awe maskini zaidi. Weka hili kichwani siku utakapokaa mezani kuandikisha watu ukaona foleni: wewe unawaona waliofika.

Kule Indonesia walijaribu jambo linalohusu moja kwa moja mkutano wenu wa kijiji. Katika vijiji na mitaa 640, sehemu moja walichagua maskini kwa fomula, sehemu nyingine wananchi walikaa wakapanga majirani zao kuanzia aliye chini kabisa, na sehemu ya tatu wakachanganya njia zote mbili. Fomula ilikuwa sahihi zaidi kidogo ukipima umaskini kwa matumizi ya kaya. Lakini watu waliridhika zaidi pale walipochagua wenyewe, na ukichunguza unakuta wananchi walikuwa na kipimo chao cha umaskini ambacho hakilingani na matumizi ya kaya tunayopima sisi. Mjane asiye na wa kumtuma, kwa mfano, majirani wanajua uzito wake. Dodoso halina sanduku la hilo. Mimi binafsi bado naona mkutano wa kijiji una thamani kubwa kuliko wachumi wengi wanavyokubali, ingawa najua pia nani huwa anakaa mbele kwenye mikutano hiyo.

Na walioachwa, wanabaki mikono mitupu? Hapa kuna utafiti wa majirani zetu ninaoupenda kuliko yote. Kaunti ya Siaya, Kenya, kati ya mwaka 2014 na 2017, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,000 kiasi cha kama dola 1,000 kila moja. Kipimo cha kustahili kilikuwa paa: nyumba ya nyasi inaingia, ya mabati haiingii. Edward Miguel, Johannes Haushofer na wenzao walifuatilia vijiji 653, na hawakuwahoji waliopata tu. Walihoji wenye mabati, wenye maduka, wenye mashine za kusaga, na walikusanya bei sokoni. Wasiopewa nao maisha yao yalipanda karibu sawa na waliopewa, kwa sababu fedha ya jirani ilifika dukani kwao na kwenye vibarua vyao. Bei zilipanda kwa kiasi kisichozidi sana sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Kila dola iliyoingia ilizunguka mpaka uchumi wa eneo lile ukaongezeka kwa karibu dola mbili na nusu. Fedha ya mwisho ilitolewa mwaka 2017, makala ikachapishwa mwaka 2022. Ukiniuliza kuhusu subira, hiyo ndiyo kalenda yetu.

Nilisema nitaurudia mlango wa kodi. Yule mama mlengwa unayemfahamu, akishapokea, anakwenda kununua sabuni, mafuta ya kula, muda wa maongezi. Ndani ya hizo bei kuna kodi. Kwa hiyo serikali ile ile iliyompa mkono wa kulia inachukua kidogo kwa wa kushoto. Nora Lustig na wenzake wamejenga njia ya kupiga hesabu hiyo nchi kwa nchi, na Tanzania imo kati ya nchi walizokuta kwamba ukijumlisha kodi za bidhaa na misaada ya fedha, bila kuhesabu thamani ya shule na zahanati, umaskini wa fedha mkononi unaongezeka badala ya kupungua. Mtafiti wa ruzuku asiyejua hili anasoma nusu ya barua.

Na kuna mfano wa kwetu kabisa. Unaikumbuka kodi ya maendeleo, ile watu waliyoiita kodi ya kichwa? Pengine ulikuwa mdogo. Ilifutwa mwaka 2003. Wazazi wako wanajua habari za kusimamishwa njiani kuulizwa stakabadhi na kujificha porini mgambo wakipita. Joseph Semboja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Odd-Helge Fjeldstad kutoka Norway walikwenda kuuliza swali lililoonekana la kipuuzi: kwa nini watu wengine wanalipa? Walikuta mabavu yanaweza kumfanya mtu alipe leo na amchukie mkusanyaji kesho, na kwamba watu huangalia kama wenzao wanalipa na kama wanaona huduma yoyote. Makala yao ilitoka mwaka 2001, nadhani inastahili kusomwa na kila mtumishi wa halmashauri anayekabidhiwa mashine ya kukatia risiti. Semboja ni mfano mwingine wa maisha ya taaluma, na labda unakufaa kuliko wa MIT: mtu aliyefanyia kazi swali la barabarani kwao, bila kungoja bahati nasibu ya jimbo la Marekani.

Basi unaanzia wapi. Uzamili kwanza, na usiuruke kwa kutafuta njia ya mkato. Angalia programu zilizo chini ya ushirikiano wa AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika iliyoanzishwa mwaka 1988 yenye makao Nairobi. Ina mpango wa pamoja wa uzamili na ule wa uzamivu, na Dar es Salaam na Nairobi ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa shahada hizo za uzamivu. Utakutana na Mnigeria, Mkameruni na Mmalawi darasani mkipigwa hisabati pamoja. Hisabati itakutesa mwaka mzima. Wengi wanaoacha huacha hapo, na wengi wao hawakuwa wajinga, walikuwa na watoto na madeni. Kwa hiyo jipange kifedha kabla, na zungumza na mwajiri wako juu ya ruhusa ya masomo mapema, kwa maandishi.

Mshahara wa mtafiti kijana chuoni si wa kukutajirisha. Utaishi kwa kufundisha madarasa makubwa, kusahihisha mitihani usiku, na kuchukua kazi za ushauri zinazolipa vizuri na kukula muda. Kazi za ushauri ni mtego mtamu: zinakupa ada ya shule ya watoto, na mwisho wa mwaka huna makala hata moja. Nilikaa miaka mitatu humo. Makala yangu ya kwanza ya maana, jarida moja la nje lilikaa nayo miezi 14 kisha likaikataa kwa mistari sita, mmoja ukisema Tanzania si mada ya kuwavutia wasomaji wake. Niliipeleka kwingine. Ilitoka.

Jifunze kuchakata takwimu sasa hivi, usingoje chuo. Programu ya Stata ni ya kununua, ile ya R ni ya bure na inatosha. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina takwimu za ule utafiti wa kufuatilia kaya zilezile ulioanza mwaka 2008/09, zipo kwa ajili ya watafiti. Pakua, tafuta mkoa wako, jiulize swali dogo: kaya zenye mzee wa zaidi ya miaka 60 zinatumia nini kwenye dawa? Itakuchukua miezi. Utagundua kwamba theluthi mbili ya kazi ni kusafisha majedwali, kumtafuta mzee aliyeandikwa ana miaka 6 badala ya 60. Ukiona kazi hiyo inakupa raha ya ajabu, wewe ni wetu. Ukiona inakuchosha roho, hakuna ubaya. Kuna nafasi nyingi nzuri za kusimamia mipango hii badala ya kuipima.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna somo linalolifundisha. Nilikuwa kwenye kijiji kimoja cha bara, nikihoji kaya zilizo upande wa nje wa mstari. Bibi mmoja alikuwa ameachwa kwa sababu ya mabati. Mabati yenyewe alikuwa ametumiwa na mwanawe aliyekuwa kibarua mjini. Mwana akafariki, mabati yakabaki. Dodoso langu lilikuwa la saa mbili. Alinijibu yote, akanipa na karanga. Tulipomaliza akakunja kanga yake magotini akaniuliza: "Haya baba, na mimi lini?" Nilikuwa nimemhoji kwa sababu hakupata. Thamani yake kwangu ilikuwa ni kukosa kwake. Nilimweleza utafiti ni nini, akasikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa, uandike basi na hilo la mabati." Nililiandika pembeni ya fomu kwa kalamu, sehemu ambayo kompyuta haisomi.

Siku hizi dodoso zangu zote zina ukurasa wa mwisho mtupu, na nawalipa wadadisi muda wa ziada kuujaza. Humo nimepata maswali yangu matatu bora ya utafiti. La mabati ya zawadi lilikuwa la kwanza.

Kwa hiyo kabla ya maombi ya chuo, fanya hili. Majina ya kaya ulizohakiki ni siri za watu, usiyapeleke popote wala usiyatumie bila kibali cha mwajiri wako na cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Lakini kumbukumbu ni yako. Kaa jioni moja uandike ukurasa mmoja, bila jina la mtu wala la kijiji: kaya ipi ilikushangaza kuingia, ipi ilikushangaza kuachwa, na unadhani dodoso lilikosa kuuliza nini. Nitumie. Nitakurudishia ukiwa na wino mwekundu mwingi, usikate tamaa, wanafunzi wangu wote wanaujua. Msalimie kaka yako, na umuulize watoto wa jirani yake wana viatu au hawana.